Koti la Kimo Chake

Migori,
Jumatatu, 19 Septemba 1966.

Wifi yangu mpendwa Bhoke,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi Nyanchoka, mke wa ndugu yako, na kutoka kwa mtoto wetu Bonareri, ambaye sasa anajua kulitaja jina lako bila kulikatakata. Hujambo wewe? Shemeji na watoto hawajambo? Samaki wanapatikana huko Homa Bay, na kile kikohozi chako kimekuacha? Sisi huku, kwa afya ya mwili, hatujambo. Nimeandika afya ya mwili kwa makusudi. Tafadhali isome barua hii ukiwa umeketi, na usimpe mtu mwingine akusomee.

Habari ninazoleta zinaanzia kwenye mgongo wa Baba Bonareri. Unajua alivyokuwa. Tangu anioe sikuwahi kumwona akitembea macho mbele kama watu wengine. Alitazama chini daima, kama mtu aliyeangusha sindano. Asubuhi alishika ukuta ndipo asimame. Akikohoa, alijishika kiuno na jasho likamtoka. Watu wote hapa mjini walisema ni cherehani, kwa kuwa anashinda ameinamia nguo pale kwenye kibaraza cha duka la Mhindi tangu alipoingia Migori, na mimi nikaamini hivyo. Jambo moja tu lilinishangaza: siku za soko maumivu yalizidi. Watu wakiteremka kutoka upande wa mpakani na ng'ombe wao, yeye alizidi kupinda hadi kidevu kikakaribia kugusa kitambaa. Nilidhani ni kazi nyingi.

Utakumbuka ulipotutembelea nilikulilia kuhusu mgongo huo, nawe ukaniambia niuache, ni mgongo wa ukoo wenu, hata marehemu baba yenu alikuwa hivyo hivyo. Uliniambia ukinitazama usoni, wifi. Hilo nitalirudia.

Mwaka huu, kabla mvua za masika hazijaanza, Bonareri alimwomba baba yake amwinue juu. Akajaribu, akalia kwa maumivu mbele ya mtoto. Siku hiyo nilikasirika. Nilimpeleka karibu kwa kumburuta kwa Mong'ina, binti wa kwetu ambaye ni nesi. Mong'ina alimbonyeza uti wa mgongo mfupa kwa mfupa, akasema mifupa haina ugonjwa wowote. Kilichoharibika ni namna anavyojishika. Nyama za kifua zimekuwa fupi kwa kuinama, na za mgongo zimechoka kwa kuvutwa. Dawa ya chupa hakuna, akasema, ila mazoezi ya kila siku, na mtu wa kumsimamia asiyachoke. Hapo akanitazama mimi, na sote tukajua amempata mtu huyo.

Ndugu yako alikataa. Alisema yeye si askari wa kufundishwa kusimama. Alikataa kwa ukali ambao sikuwahi kuuona kwake, lakini mimi nawe tunajuana: mimi si mtu wa kukataliwa. Nilifunga mlango, nikamsimamisha ukutani. Visigino viguse ukuta, makalio yaguse, mabega yaguse, kisha kisogo. Kisogo kilikataa kabisa kufika. Ngumi yangu ilipita katikati. Kisha alilala kifudifudi kwenye mkeka na kuinua kifua bila kutumia mikono, akiguna kama ng'ombe anayezaa. Mwisho Mong'ina alisema abebe mtungi wa maji kichwani, atembee nao polepole chumbani, maana wanawake wanaobeba mitungi hawana migongo ya namna hiyo. Hapo palikuwa na vita. Alisema wanaume wa kwao hawabebi mitungi. Mimi, kwa ulimi wangu huu, nikamjibu kwamba basi hao wanaume wa kwao waje wamwone. Akautazama mlango, kisha akauchukua mtungi. Nilicheka siku hiyo, wifi. Leo nikiyakumbuka macho yale sicheki.

Mazoezi yalifanya kazi. Kwanza alianza kulala usiku kucha. Kisha akaacha kushika ukuta. Mvua zilipokatika kisogo kiligusa ukuta, na siku chache baadaye alijigonga kipaji cha uso kwenye kizingiti cha juu cha mlango wetu, mlango ambao miaka yote alikuwa akiupita bila shida. Koti lake la Sabato likawa fupi kwake. Nilikuwa nimeolewa na mtu mrefu kuliko wanaume wote wa mtaa huu na sikujua! Alimwinua Bonareri mpaka mtoto akagusa boriti ya paa, na tangu hapo kila jioni ni kazi hiyo hiyo. Nilifurahi mno, nikajivuna kisimani, nikajivuna kanisani.

Lakini yeye hakujivuna. Alihamisha cherehani kutoka kwenye kibaraza akaiweka ndani dukani, uso ukielekea ukutani. Siku za soko alianza kujikunja tena, nami nikawa nachungulia pale dukani, na nikimkuta amejikunja namchoma mgongoni kwa ubao wake wa kupimia. Ananyooka, anaendelea kushona.

Ukaja mwezi wa Agosti na makambi ya kanisa letu. Unajua makambi yalivyo: watu hutoka Kisii, hutoka huku kwa Waluo, hutoka hata Ukuria mpaka mpakani. Mimi ndiye niliyemwendea mzee wa kanisa, nikaomba mume wangu, Elkanah kama wanavyomwita kanisani, apewe nafasi ya kutoa ushuhuda wa uponyaji wake. Ndugu yako alinisihi nisifanye hivyo. Alinisihi sana. Nilimwambia wema wa Mungu haufichwi. Basi akapanda mbele, na mimi kwenye kiti changu nikamwonyesha kwa mkono: kidevu ndani, mabega nyuma. Akasimama kama tulivyozoea ukutani. Watu wakasema amina.

Upande wa wanawake alikuwapo bibi kizee mmoja wa Kikuria, masikio yametobolewa yakavutwa hadi mabegani, ambaye alikuja na jirani yake kutazama tu. Wakati wa sala, sote tumefumba macho, nilichungulia, nikamwona amesimama peke yake akimtazama mume wangu. Hakupepesa. Kisha akatoka, akauacha mkeka wake. Nilidhani ameugua, nikamfuata na mkeka. Akaniuliza kwa Kiswahili cha taratibu kama yule mrefu ni mume wangu. Nikasema ndiye. Akauliza jina, nikasema Elkanah. Akauliza jina alilozaliwa nalo, nikasema Werema. Akauliza kama ana dada, nami, wifi yangu, nikamwambia yuko Bhoke, ameolewa na mwuza samaki Homa Bay. Niliyasema yote kwa furaha. Mwisho akauliza ni dawa gani iliyomnyoosha. Nikamwonyesha mikono yangu. Akaishika yote miwili, akanishukuru, akaenda zake.

Tangu wiki ile, kila siku ya soko bibi huyo hukaa kwenye ngazi za mashine ya kusaga unga, ng'ambo ya barabara. Hanunui kitu, hauzi kitu. Nilimpelekea uji, akaupokea kwa adabu, akaunywa macho yake yakiwa dukani. Nilipomwambia Baba Bonareri kwamba bibi wa makambini yuko nje, mguu wake uliacha kukanyaga cherehani. Hakugeuka kutazama.

Kisha alikuja mwanamume anayeitwa Nchagwa, rika la ndugu yako. Alileta kitambaa cheusi kizuri, akataka koti refu. Baba Bonareri alipotoa kamba ya kupimia, Nchagwa alisema si lake. Atakayelivaa, alisema, ni wa kimo chako wewe fundi, kwa hiyo jipime mwenyewe, ila usimame wima ujipime vizuri. Nilikuwapo dukani, nimeleta chakula. Mume wangu aliuliza mwenye koti anaitwa nani. Nchagwa akasema jina atalitaja siku koti litakapovaliwa, na kwamba atakuja na ndugu zake kulichukua Jumanne hii, yaani kesho. Alipokuwa akitoka aliniuliza, kwa upole kabisa, kama barabara ya Homa Bay inapitika vizuri siku hizi.

Juzi baada ya kanisa ndugu yako alimtuma Bonareri kwa jirani, akaniketisha, akaniambia yale ambayo wewe umeyajua siku zote.

Alisema katika ujana wake, kwenye mnada wa ng'ombe Ogwedhi, waligombana yeye na mtu kwa ajili ya fahali. Akampiga rungu moja. Yule mtu hakuinuka tena. Alikuwa mzaliwa wa kwanza wa yule bibi, na kaka yake Nchagwa. Werema akakimbia. Baba yenu na wewe mkatangaza kwamba amefia Tanganyika, mkanyoa nywele, mkakaa matanga, na hata watu wa yule aliyeuawa wakaja kuwapa pole. Kwa kuwa mhusika alikuwa amekufa, wazee hawakukaa kuyamaliza. Ila mama wa marehemu hakusadiki, akaendelea kuuliza watu juu ya kijana mrefu kuliko wote.

Ndiyo sababu alijipinda. Cherehani haikumpinda, wala ukoo. Baba yenu, ameniambia, alisimama wima mpaka siku ya kuzikwa kwake. Mwanzoni ndugu yako alijipinda akipita mbele ya watu tu. Baadaye akajipinda hata akiwa peke yake, mpaka mwili ukasahau njia ya kurudi na maumivu yakaanza. Hakuyatafutia dawa kwa sababu aliona ni haki yake kuumia. Miaka yote hiyo mgongo ule ulikuwa maficho yake, na mimi nikayabomoa kidogo kidogo kila asubuhi, nikimhesabia pumzi.

Nina hasira nawe, wifi, na sitaificha. Ungeniambia neno moja tu. Ningeweza kumkanda kiuno kwa maji ya moto na kumwacha alivyo mpaka uzee.

Nilimpigia magoti. Mimi niliyemchoma kwa ubao nilimsihi ajipinde tena, tuondoke, tukaanze mahali pengine. Alijaribu mbele yangu. Akakunja mabega, akainamisha kichwa, akatembea mpaka mlangoni na kurudi. Alikuwa kama mtu anayeigiza mzee. Bonareri alikuwa amerudi, akacheka, akadhani ni mchezo, akaomba afanye tena. Baba yake akanyooka na kusema haiwezekani.

Nilitaka kwenda kwa chifu. Akakataa. Alisema akikimbia, au akijificha nyuma ya chifu, wataifuata ile barabara ambayo Nchagwa aliiulizia, na aliyewaonyesha mahali ulipo ni mke wake. Hakulisema kwa kunilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Koti alilimaliza jana. Alilishona vizuri kuliko nguo zote nilizomwona akishona, hata vitundu vya vifungo alivirudia. Leo alfajiri hakungoja hiyo Jumanne. Alilivaa mwenyewe, likamkaa sawasawa, akasema anakwenda nyumbani kwa yule mama kusimama mbele yake, awaombe wazee wakae, na yatakayoamuliwa yaamuliwe juu yake na yaishie kwake. Nikamwambia nitakwenda naye. Akaniuliza mtoto abaki na nani.

Kwa hiyo nakuomba kwa jina lake: chukua watoto, uvuke uende kisiwani Mfangano kwa wakwe zako, ukae huko mpaka upate neno kutoka kwangu. Kama ni neno jema nitaliandika mwenyewe. Kama si jema, atakuja mtu. Barua hii nampa Masese, anayepeleka mahindi huko kwa lori leo mchana, akukabidhi mkononi.

Zamani ndugu yako akitoka hapa nyumbani nilimpoteza machoni kabla hajafika mashine ya kusaga. Leo nilisimama mlangoni nikamwona muda mrefu. Kichwa chake kilikuwa juu ya vichwa vya watu wote mpaka darajani, na hata ng'ambo ya daraja bado nilimwona. Yule bibi alikuwa ameketi kwenye ngazi zake ingawa leo si siku ya soko. Aliinuka, akamfuata polepole.

Msalimie sana shemeji, uwabusu watoto, na unifikishie salamu kwa wote wa nyumbani kwako wanaonijua. Bonareri naye anakusalimu. Ananivuta nguo hapa akiuliza baba atarudi saa ngapi amwinue aguse boriti.

Ni mimi wifi yako akupendaye, hata kwa hasira,

Nyanchoka, Mama Bonareri.