Mtungi wa Sabato

Ekerenyo,
Jumanne, tarehe tatu Machi.

Mpendwa Dada Nyakerario,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, miguu haijavimba tena kwa zile ngazi za nyumba ya tajiri wako, na joto la huko Doha halijaanza kuchoma. Sisi huku tunapumua. Mama hajambo, ng'ombe hawajambo, majani chai yamesinyaa kwa jua la Februari lakini hayajafa. Habari za Baba nitakueleza, usiruke mistari. Najua tabia yako ya kusoma barua kuanzia mwisho.

Utashangaa kupata barua ya karatasi siku hizi. Hata Janat, rafiki yako wa Kisii mjini anayerudi huko kazini Alhamisi, alicheka nilipomwomba aibebe, akaniuliza kama simu zimeisha Ekerenyo. Simu zipo. Ila nikiiweka sikioni, sauti yako inakuja kutoka nyuma ya kelele yangu. Nusu naisikia, nusu naikisia. Ndiyo maana Novemba ulipopiga kuniambia umelazwa hospitali, nilikuambia hongera, Mungu ni mwema. Nisamehe. Na haya ya leo hayawezi kuingia katika ujumbe mfupi.

Ulikuwa ukinitania kwamba nilizaliwa nikipiga kelele na nitazikwa nikipiga kelele. Basi kazi niliyoipata ilinifaa. Mimi na mwenzangu Osoro tulikuwa na jenereta na spika zetu, na hakukuwa na matanga makubwa kutoka hapa hadi Nyamira mjini ambayo hatukuitwa. Wewe unawajua watu wetu, hawamziki mtu kimya kimya. Spika zisiposikika kilima cha pili, wafiwa wanaona wameaibishwa. Miaka ilipita nikiwa nimesimama katikati ya zile spika, jioni masikio yakivuma, asubuhi yakitulia, nami nikiona ni uchovu tu. Mpaka siku ile, mwaka juzi, nilipoinama mbele ya spika kubwa nikirekebisha waya, mtu akaishika maikrofoni vibaya, ikapiga yowe moja. Nilipiga magoti. Waombolezaji walidhani nimezidiwa na huzuni, wakaanza kunipepea.

Yowe hilo halijanyamaza mpaka leo. Ni kama birika linalochemka na kupiga mluzi jikoni, na hakuna mtu wa kuliondoa motoni. Wakati ule nilikuambia kwa simu kwamba masikio yananisumbua kidogo. Haikuwa kidogo, Dada. Nimetiwa mafuta ya moto, nimetiwa kitunguu saumu, nimewekewa mikono na wachungaji watatu. Mama mmoja hapa sokoni aliniambia ni wale wafu niliokuwa nikiwapigia kelele, sasa wanajibu. Nilimcheka mbele yake, kisha nikaenda nyumbani nikiwa nimemwamini.

Daktari wa masikio mjini Kisii ndiye aliyenieleza ukweli. Alisema ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo, na vyangu vimepigwa kama majani chai yanavyopigwa na mvua ya mawe, ila hivi havichipui tena. Dawa ya kuizima kelele hana. Alisema kichwa chenyewe hujifunza kuipuuza polepole, pengine mwaka, pengine zaidi, lakini nisikae kabisa mahali pa kimya, hasa wakati wa kulala. Niweke sauti ndogo ya upole karibu, kama ya mvua. Nilimsimulia Mama hayo, kisha nikajaribu mvua ya kwenye simu. Kile kispika cha simu kilinichoma sikio, nikaitupa kitandani. Mimi niliyeishi kwa spika sikuweza tena kuvumilia hata ile ya ukubwa wa kidole.

Sasa nifike kwa mke wangu Emily. Wewe uliambiwa ameenda Sironga kumuuguza mama yake. Mama yake ni mzima kuliko sisi sote. Binti yetu Nyamoita alikuwa akilia, kama watoto wote wanavyolia, na kilio chake kilinipasua. Siku moja mwezi wa Oktoba nilimfokea mtoto wa miezi minane mpaka akanyamaza kwa hofu, kinywa kikiwa wazi. Emily hakunigombeza. Alimfunga mgongoni, akaniambia atakaa kwao hadi nitakapoweza kulala kama watu, akaondoka. Nikabaki peke yangu katika nyumba niliyoijenga, na kimya nilichokuwa nikikiomba kikaja kunimaliza.

Sabato ndiyo ilikuwa mbaya kupita zote. Unakumbuka nyumbani kwetu jua likitua Ijumaa: redio inazimwa, hakuna kupasua kuni, hakuna jembe. Unakumbuka pia ile Ijumaa tuliyocheza tukasahau kuchota maji, Baba, mzee wa kanisa, akakataa katakata tusiende kisimani hadi Sabato ipite, tukashinda na kiu tukinywa maziwa ya jana. Basi katika kimya hicho cha watakatifu, kichwa changu peke yake ndicho kilichokuwa kikipiga kelele kilima kizima. Wenzangu walikuwa wakipumzika, mimi nikitafuta mahali pa kujificha na kichwa changu.

Hili sijamwandikia mtu. Mwezi wa Desemba nilimwambia Mama, tukiwa tunachuma chai, kwamba kama maisha yenyewe ndiyo haya, mimi sitaki kuuona mwaka mwingine. Nilisema kweli, Dada, sikuwa natafuta huruma. Mama aliendelea kuchuma, nikadhani hakusikia, na nikaona hata afadhali.

Baada ya siku chache kulianza kudondoka maji nyuma ya chumba changu cha kulala. Tak. Kimya kidogo. Tak. Juu ya bati au sufuria, sikujua. Nilijua tu kwamba nilipolaza kichwa, masikio yalikuwa na kitu kingine cha kushika, na nikalala hadi kukapambazuka. Kesho yake tena, na kesho yake. Nilidhani ni gata ya paa inavuja, ingawa mvua ilikuwa imekatika. Sikwenda kutazama. Niliogopa nikiona, nitaona pia aibu ya kuacha maji yakipotea, nitatengeneza, na usingizi utakuwa umekwisha.

Kwa miezi miwili nilianza kuwa mtu. Kelele haikuondoka, lakini kuna mstari mzima wa chai niliouchuma, nikagundua mwishoni kwamba sikuwa nimeikumbuka kelele hiyo. Nililia pale pale shambani. Nikampelekea Emily ujumbe kwamba sasa nalala, naye akajibu kwamba Jumapili ya kwanza ya Machi atamleta mtoto tuone.

Ijumaa iliyotangulia Jumapili hiyo, jua likiwa karibu kugusa kilima, jirani yetu Nyakundi aliniita kwa yowe kutoka kwenye njia ya kisimani. Nilimkuta Baba chini kwenye mteremko, mguu umepinda vibaya, mtungi mmoja wa lita ishirini umepasuka, mwingine ameushika mkononi, hauachii. Nilimuuliza kwa hasira kwa nini anachota maji, mzee wa umri ule, na mimi mwanawe nipo. Alinijibu ninyamaze nimbebe. Ni nyonga, Dada. Imevunjika. Hana homa kama tulivyokuambia. Yeye ndiye aliyetukataza kusema, eti utaacha kazi urudi. Amelazwa Kisii na mguu umefungiwa uzito.

Jumamosi asubuhi nilirudi nyumbani kuchukua blanketi. Nilipoingia chumbani ile kelele ilinipokea mlangoni kama siku za zamani, maana hapakuwa na kitu kingine cha kusikia. Maji hayakuwa yakidondoka. Ndipo nikazunguka nyuma ya nyumba. Kwenye mparachichi kulikuwa kumening'inizwa mitungi miwili kwa kamba za migomba, na chini yake karai kuukuu limefunikwa kifudifudi, karibu na ukuta wangu. Mtungi mmoja, wa siku za kawaida, ulikuwa umetobolewa kwa msumari. Wa pili ulitobolewa kwa sindano, uzi ungali tunduni, ili maji yatoke kidogo kidogo na kudumu kutoka Ijumaa jioni hadi Sabato itoke. Yote miwili ilikuwa mikavu.

Wewe ni mtoto wa kwetu, huhitaji kuelezwa chinsoni, ile heshima yetu. Unajua baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa, wala haukaribii ukuta wa chumba anacholala. Baba yetu, anayezunguka kwa barabara ya chini asipite mbele ya mlango wangu, alikuwa akingoja niende shambani, anapanda na maji kutoka kisimani, anasimama kwenye ukuta ule. Na Ijumaa alikuwa akikimbizana na jua ili asichote siku ya Bwana.

Nilirudi hospitali na blanketi, na kwa heshima ile ile nisingeweza kumtajia niliyoyaona. Baba naye hakunitazama. Alimgeukia Mama, akamwambia amwambie yule kijana kwamba mitungi imekauka, aende akachote leo hii, asingoje jua litue. Na kama kuna wa kuulizwa kuhusu Sabato, ataulizwa yeye. Mama akanigeukia kunifikishia, kana kwamba sikuwa nimesimama hapo hapo.

Nikaenda. Nilipanda kutoka kisimani na mtungi begani saa ambayo kanisa lilikuwa likitoka, mbele ya kwaya nzima na nguo zao nyeupe. Nyakundi aliniuliza kama nimesahau leo ni siku gani. Nilimwambia nimetumwa na mzee wa kanisa. Aliniangalia, akanipisha njia.

Upasuaji ni Ijumaa. Wanasema mguu unaweza kuunga, lakini mteremko ule hataupanda tena, na jambo hilo nimelibeba kifuani wala sijui nitaliweka wapi. Ukipiga simu, jifanye bado unajua homa tu. Muulize habari za ng'ombe. Maji usimtajie.

Emily anakusalimu. Alikuja Jumapili kama alivyoahidi, na bado yupo. Nyamoita akilia natoka nje nasimama chini ya mparachichi hadi anyamaze, kisha narudi ndani. Mama anakusalimu pia. Ameingia sasa hivi kutoka hospitali, anasema Baba hakuuliza chakula wala ng'ombe, aliuliza kama mtungi una maji. Una maji, Dada. Ninavyoandika hapa nausikia.

Bwana akulinde huko uliko. Wasalimie wote wanaokutendea wema.

Ni mimi mdogo wako,
Masese