Ratili Arobaini

Njoroge, mwanafunzi wangu,

Injini yako inafanya kazi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla ya habari za mkeo na za kifua changu. Iko mtoni, hapa Ruiru, imefungwa kwenye saruji, inasukuma maji ya kuoshea kahawa. Kila asubuhi naisikia nikiwa kitandani. Haijakohoa hata siku moja. Anayekohoa ni mimi.

Huu ni mwaka wa tatu tangu tukuzike. Daktari alinipima wiki iliyopita, akakunja vifaa vyake, akaniuliza kama nina jamaa huko Rabai wa kuandikiwa. Nimefundisha watu miaka mingi, najua swali la namna hiyo linaulizwa lini. Basi nakuandikia wewe. Jamaa zangu watangoja.

Unakumbuka ile ndege ya bwana mwenye shamba: kiti kimoja mbele, kimoja nyuma, propela mgongoni, na juu yake panga refu lililozungushwa na upepo tu. Alitaka kukagulia mashamba yake kutoka juu. Injini yake ya petroli ilishika moto ikiwa bado chini, ikakuunguza mkono hadi kiwikoni. Ulipotoka hospitali ulikuwa na neno moja tu, dizeli. Dizeli haina cheche, ulisema, mafuta yake hayarukii moto, na galoni moja hufika mbali. Bwana alicheka, kisha akaona kwamba petroli ilikuwa ya kuombea kibali na dizeli tulikuwa nayo mapipa kwa mapipa. Akakupa ruhusa ya kutafuta.

Lakini utafute vipi? Ilikuwa Hali ya Hatari, na Mkikuyu hakutoka Ruiru kwenda Thika bila kibali. Mimi mtu wa pwani nilipita. Kwa hiyo mwalimu akatumwa na mwanafunzi. Ulinipa uzi wenye mafundo ya kupimia urefu, na sumaku iliyotoka kwenye spika ya redio mbovu. "Mwalimu," ukaniambia, "ikishika, iache hapo hapo. Uzito wa chuma utatuua."

Nilikwenda Thika mara nne. Injini ya kwanza ilikuwa ya pampu kwenye shamba la mananasi, silinda moja na gurudumu zito kama jiwe la kusagia. Sumaku ilishika kabla sijaisogeza vizuri. Ya pili ilikuwa ya lori, nayo ikashika. Ya tatu nzuri, ila ilikuwa imepasuka. Ya nne ilikuwa kwa Mhindi mmoja muuza vyuma vikuukuu karibu na stesheni. Iliwahi kuendesha taa za kambi ya jeshi, na mwili wake wote ni aluminiamu. Sumaku ikateleza, ikaniangukia mguuni. Nilicheka peke yangu pale kama mwendawazimu, na Mhindi akapandisha bei.

Sasa nafika pale nilipokuwa nikipazunguka.

Ulikuwa umeshapiga hesabu. Injini, rejeta ya kuipoza na mafuta yake ya ndani, jumla isizidi ratili mia tatu na sabini. Hesabu hiyo uliifanya kwa penseli kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, kwa njia niliyokufundisha mimi ulipokuwa huna hata kaptula ya pili. Ikabaki kupima. Na mizani ya pekee ya kubeba kitu kama kile ilikuwa mizani yangu, ya stoo ya kahawa nilikokuwa karani.

Majirani walipima kwa debe. Sisi tulipima kwa mizani, na bwana alijisifu kwamba mizani haidanganyi. Miaka mingi kabla ya hapo, mlangoni mwa stoo, aliniambia maneno machache bila kunitazama. Nikayeyusha risasi, nikaimimina ndani ya shimo lililo chini ya jiwe la mizani, nikapaka rangi juu, likawa zito kuliko lilivyoandikwa. Tangu siku hiyo, kila ratili kumi zilizowekwa juu zilisoma tisa. Wanawake walileta kahawa ya ratili hamsini, nikawaandikia arobaini na tano. Mkeo Wanjiru alikuwa mmoja wao. Wewe ulikuwa ukinisalimia kila asubuhi.

Siku mlipoileta injini stoo, wachumaji walikuwa wamepanga foleni. Mkaipandisha watu sita. Wanjiru akasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Mwalimu, mizani yako ikiipenda hiyo injini kama inavyotupenda sisi, mtaruka bila panga." Wanawake wakacheka. Nawe ukacheka, ukamwambia, "Wacha, mama. Hii inasimamiwa na mwalimu wangu." Nami nikacheka, Njoroge. Nilicheka pamoja nanyi.

Ilisoma mia tatu na sitini. Ulinishika mikono miwili, ukaitikisa. Nilijua palepale kwamba mbele yako kulikuwa na ratili mia nne. Sikuhitaji penseli.

Mdomo wangu ulikuwa wazi. Kusema kulihitaji pumzi moja. Lakini foleni yote ingesikia, na wa kwanza kusikia angekuwa Wanjiru. Nikajiambia nitakuambia jioni. Jioni nikajiambia Njoroge ni fundi mwangalifu, hakosi kuacha nafasi kidogo. Kesho yake nikajiambia bwana mwenyewe anaijua mizani ile, atauliza. Bwana alikuwa Nairobi, nami ndiye niliyemwandikia barua yenye namba ile. Hakuuliza. Labda alisahau. Mtu akiiba kidogo kidogo kwa mkono wa mwingine, husahau. Mkono hausahau.

Wiki sita ulizichukua kuifunga, na wiki sita nilinyamaza. Nilikuletea chai.

Asubuhi ile ulipunguza kila kitu. Spana ukaziacha. Mafuta ukatia nusu ya tangi. Kisha ukaketi kwenye majani ukavua viatu, ukanikabidhi. "Ratili tatu hizo, Mwalimu. Nishikie." Nikasimama mwisho wa uwanja, viatu vyako mikononi, na ratili arobaini kinywani.

Injini iliwaka kwa jaribio la kwanza. Bwana mbele, wewe nyuma, sikio lako likiwa kwenye injini kama mama anayesikiliza mtoto akilala. Ilikimbia, ikainuka. Iliinuka kweli, niliona mwanga chini ya magurudumu. Lakini haikupanda. Ikaja hivyo hivyo hadi kwenye miti ya kivuli, magurudumu yakanasa matawini, ikapinduka.

Tulipofika, dizeli ilikuwa imekumwagikia mwili mzima, na bomba la moshi liko shibiri moja tu, bado la moto. Haikuwaka. Ulisema haitawaka, na haikuwaka. Bwana alivunjika mguu. Wewe shingo.

Bwana aliporudi kutoka hospitali aliniita nipige taipu ripoti. Alinitazama muda mrefu, nami nikamtazama, na hapo nikajua kwamba amekumbuka. Kisha akasoma, nami nikapiga: fundi Mwafrika alikosea hesabu ya uzito, na injini ya dizeli haifai kwa ndege ndogo. Nakala mbili. Vidole hivi vilivyokufundisha kujumlisha ndivyo vilivyoandika kwamba hukujua kujumlisha. Bwana aliuza shamba akaenda kwao. Bwana mpya ameleta mizani mpya na hajui jina lako, anaijua pampu tu.

Lakini watu wa hapa wanalijua. Mafundi vijana wa gereji za Thika, mmoja wao akikosea kipimo, huambiwa amepiga hesabu ya Njoroge. Nimesikia kwa masikio yangu. Wanjiru anaishi Kiganjo sasa, kwa dada yake, na maneno hayo yanamfikia sokoni. Aliniuliza mara moja, baada ya ibada, "Mwalimu, wewe ulimfundisha. Alikosea wapi?" Nikamwambia hata wajuzi hukosea. Akanishukuru.

Sikuombi msamaha. Ungenipa haraka, kama ulivyozoea kunipa kila kitu, nami sistahili kurahisishiwa.

Nimempelekea Wanjiru ujumbe, atakuja Jumapili. Lile jiwe la mizani nililichukua siku mizani ya zamani ilipotupwa. Liko mezani, nimeikwangua rangi, risasi inaonekana. Nitamwekea mkononi, nimwambie alichokuwa anajua tangu siku ile ya foleni. Nimeandika maungamo yangu na kutia sahihi, na nimemwomba mzee wa kanisa ayasome mbele ya watu, mimi nikiwa nimeketi pale, ikiwa bado napumua. Nakala nyingine itakwenda Thika, kwa mafundi. Nikifa kabla ya Jumapili, vyote vina jina la Wanjiru juu yake. Pamoja na viatu vyako. Nimevipaka rangi kila mwezi. Sijui kwa nini.

Ile karatasi ya mfuko wa saruji ninayo pia. Jana niliirudia hesabu yote, mstari kwa mstari. Kisha nikatafuta penseli nyekundu, nikaweka alama ya vema pembeni, kama zamani darasani.

Lala, mwanangu. Umepata zote.

Mwalimu wako