Nyumba Juu ya Tishari

Garissa, 4 Agosti 2024

Dada Muhubo,
Assalaam aleikum. Goti lako linaendeleaje? Sisi wazima, mvua tu ndiyo tumenyimwa.
Kwa kuwa huwezi kusafiri, hakimu wa hapa anayesikiliza kesi yangu ya mirathi ameiomba mahakama ya Juba ikuhoji kwa niaba yake. Utaulizwa kama marehemu baba alimpa mama mdogo Shamis ile nyumba. Sema hukuona. Yeye hakuzaa na baba, ana ndugu zake, watamchukua.
Kaka yako, Salat

Juba, 29 Agosti

Kaka yangu Salat,
Waaleikum salaam. Goti linanisumbua nikisujudu tu, alhamdulillahi. Watoto wameacha kukohoa?
Karani wa mahakama ameniletea samansi dukani, hapa mtaani Buluk. Tangu siku hiyo naota ndoto moja. Nyumba yetu inakuja mtoni juu ya tishari, lile bapa la kubebea mizigo, polepole, mpaka bandarini, mapazia ya mama mdogo yanapepea, harufu ya uvumba wake inatangulia juu ya maji. Baba amekaa kibarazani na kamba mkononi. Ananiuliza, "Muhubo, niifunge wapi?" Naamka sijamjibu.
Niandikie, kaka. Usiniache peke yangu na ndoto hii.
Dada yako, Muhubo

Juba, 17 Oktoba

Salat wangu,
Salamu nyingi, ingawa umeninunia. Najua ulivyo ukinuna, midomo mbele.
Jana nilihojiwa. Hakimu, mama mmoja mpole, alisoma maswali ya Garissa, mkalimani akayageuza Kiswahili. Nikashikishwa Msahafu. Wallahi nilisikia maji humo chumbani. Nikasema nilichokiona: baba, mzima wa afya, anamtia mama mdogo funguo kiganjani, anamwambia, "Nyumba hii ni yako." Sisi wawili tuko mkekani, tunakunywa chai. Wewe ulikuwa unalilia sukari.
Usinichukie. Sikiliza. Bahasha yenye ushahidi wangu imefungwa kwa lakiri, na itapitia wizara ya huku, kisha wizara ya huko, ndipo ifike kwa hakimu wenu. Miezi, waliniambia. Barua hii anaibeba jirani yangu Filsan, anapanda ndege kesho. Bahasha inatambaa, kaka. Itangulie. Nenda kwa mama mdogo kwa miguu yako, kabla maneno haya hayajasomwa mbele za watu.
Dada yako, hata ukinikana, Muhubo

Garissa, 11 Januari 2025

Dada,
Assalaam aleikum. Goti je?
Nilipitapita mtaani kwake siku nyingi. Mwishowe akasimama mlangoni: "Salat, unapima barabara au unaingia?" Nikaingia. Kesi nimeiondoa. Chai aliitia sukari bila kuniuliza.
Bahasha yenu haijafika mpaka leo.
Baba akija tena na kamba yake, mwambie asihangaike. Nyumba ipo palepale.
Kaka yako, Salat