Kompyuta ya Kubeba Kwapani

Mjukuu wangu Rashidi,

Nakusalimu kutoka Koboko. Sisi ni wazima, na mjomba wako wa Midia amevuna ufuta.

Umeniuliza ununue kompyuta ipi ya mezani: ile ndogo isiyoongezewa kitu, au lile sanduku kubwa lenye nafasi za vifaa zaidi. Swali hilo lilitukuta mimi na marehemu babu yako mjini Arua, miaka ya tisini, tuliporudi kutoka Kongo na kutaka kufungua duka la kuchapa barua. Muuzaji alituwekea zote mbili. Niliinua ile ndogo, nikaibana kwapani, nikatembea nayo hadi mlangoni.

“Mama, hii si kuku ya soko,” muuzaji akacheka. “Unapima kilo?”

“Anapima kama atakimbia nayo,” babu yako akajibu.

Ni kweli, tangu vita vya mwaka wa 1979 vilipotukimbiza hadi Kongo, sikuwa nimenunua kitu nisichoweza kubeba. Babu yako akafungua lile kubwa, akanionyesha nafasi tupu za kuongeza kumbukumbu na diski.

“Hii iko na nafasi ya miaka inakuja,” akasema polepole. “Mimi nimechoka kukimbia, Mama Zuhura. Wewe je?”

Tulichukua kubwa. Tuliiongezea kumbukumbu, kisha diski, na mama yako alijifunzia kuchapa hapo.

Ukiwa umeamua kukaa huko uliko, chukua kubwa. Kama moyo haujatulia, nunua ndogo, wala usione haya. Mimi mwenyewe nisingejua kwamba nimefika nyumbani kama babu yako asingeniuliza.

Bibi yako akupendaye