Mtaalamu wa Furaha Dukani

Shangazi mpendwa, shikamoo kutoka Kariakoo.

Nikiwa bado katika majaribio ya kazi, mwenye duka letu la khanga, Mama Eliza, alituletea ati mtaalamu wa furaha, fani ambayo chuo kikuu kiliona vyema kunificha. Asubuhi, kabla hatujauza chochote, mtaalamu huyo alituamuru tufumbe macho, tumung'unye kashata polepole na kuuhisi utamu wake. Mteja wa kwanza akaingia.

"Jamani, mmefiwa?"

"Subiri, dada, tunafurahi," mtaalamu akamjibu.

Nani humsubirisha mteja wa kwanza, ambaye akiondoka bila kununua, siku nzima huwa ya mkosi? Nilifumbua macho, nikamkunjulia khanga, akanunua.

"Wewe nimekuajiri," Mama Eliza akaniambia. "Na wewe mtaalamu, kamalizie kashata yako nje."

Nakutakia afya njema, na furaha isiyohitaji mwalimu.

Mwanao,
Festo