Kumchoma Mpima Ardhi

Jumatatu, 3 Machi

Daktari wa moyo ametuita ofisini kwake, akafunga mlango. Wakifunga mlango, ujue. Akachora moyo kwenye karatasi – mchoro mbaya, kama kiazi – akaugusagusa kwa kalamu: hapa pamechoka, hapa pamechoka, na hapa pia. Kile kifaa walichomwekea mume wangu kifuani miaka minne iliyopita sasa kinapiga ngoma bila mchezaji. Miezi mingapi, nikauliza. Wiki, akasema, kisha akakohoa.

Mume wangu akamshukuru. Akaomba ule mchoro aende nao nyumbani. Mpima ardhi hadi mwisho – haachi ramani kwenye ofisi za watu.

Ndani ya teksi akaniambia, macho dirishani, "Nikifa nichome."

"Nini?"

"Moto. Nipeleke kwenye tanuri. Usiwaache wanizike."

Dereva akapunguza redio ili asikie vizuri. Asante sana, dereva.

Jumanne, 4 Machi

Kazini. Miaka kumi na tisa nasahihisha prufu gazetini, na ukurasa wa matangazo ya vifo ni wangu. Nimezika watu wengi kuliko mchimba kaburi yeyote, na viatu vyangu havijawahi kuingia udongo. Leo matangazo yalikuwa kumi na manne. Wote "atazikwa". Hakuna hata mmoja "atachomwa". Nikamwuliza mhariri wangu, hivi akitokea wa kuchomwa tutaandikaje? Akafikiri sana. "Andika 'atapumzishwa'. Linafunika yote."

Huyu ndiye anayeandika "changamoto ya chakula" mahali pa njaa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kuliona lile tanuri. Kazini nimeaga kwamba naenda kung'oa jino.

Liko nyuma ya viwanda, katikati ya duka la vigae na gereji. Nilitarajia moshi mweusi, kuta za masizi, na jitu limeshika koleo. Nikakuta jengo jeupe, majani yamekatwa vizuri kuliko ya hospitali, na mwanamke mfupi, miwani inaning'inia kifuani, anakula ndizi. Huyo ndiye msimamizi wa tanuri!

Nilikuwa na karatasi ya maswali. Akanijibu moja moja kama mtu anayemwelekeza mwenzake kutumia pasi. Wanachomwa mmoja mmoja, si kwa mafungu. Jeneza huingia pamoja na mwenyewe. Joto hupita nyuzi mia nane. Muda ni saa mbili, au chini ya hapo kidogo, inategemea mtu. Mwisho si majivu kama ya kuni – ni mifupa iliyokauka ikawa nyepesi kama chokaa, nayo husagwa kwenye kinu. Hilo la kinu sikulijua. Nilidhani majivu ni majivu. Na kila mwili huingia na kibati chenye namba, hakiungui, hutoka nao upande wa pili.

Swali la mwisho nilikuwa nimeliandika kwa herufi ndogo. "Anasikia?"

Akaweka ganda la ndizi chini. "Hasikii, dada yangu. Anayesikia ni wewe."

Halafu akauliza kama mgonjwa ana kifaa cha moyo. Anacho? Basi hospitali wakitoe kwanza, maana kwenye moto hulipuka, na mlango wa tanuri ni mpya.

Nimefurahi sana kwa ajili ya mlango.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemsomea yote, yeye kaegemea mito mitatu. Kwenye kifaa kulipuka akachangamka. "Wasikitoe! Mwenyekiti naye ashtuke siku moja maishani mwake."

Mwenyekiti ni kaka yake mkubwa. Mwenyekiti wa ukoo, wa mtaa, wa chama cha wastaafu, na wa kamati ya kuunda kamati. Mkiwa wawili mnakunywa chai, atafungua kikao. Makaburi ya familia yako chini yake pia, na kila mmoja wetu ameshapimiwa nafasi, kwa kamba na vigingi. Mume wangu kando ya baba yao. Mimi karibu na uzio. Ukweni hata ukifa unakaa mlangoni.

Tulicheka mpaka akaishiwa pumzi, nikaogopa. Alipotulia nikamwuliza: lakini kwa nini tanuri? Akasema ardhi imejaa. Yeye! Miaka thelathini kazi yake ni kuwaambia watu ardhi bado ipo.

Ananidanganya. Alikuwa anautazama ukuta.

Jumapili, 9 Machi

Amesema.

Miaka ishirini na miwili iliyopita barabara kuu ilipita juu ya makaburi ya zamani ya familia yao. Hilo nalijua, kila mtu analijua. Nilichokuwa sijui: mifupa ilipofukuliwa, kila mtu alitiwa kwenye sanduku lake la mbao, na kila sanduku kibandiko cha jina. Mvua ikanyesha siku mbili. Vibandiko vikabanduka, wino ukaondoka na maji. Masanduku sita, hakuna jina hata moja. Yeye ndiye aliyepima barabara, yeye ndiye aliyekabidhiwa masanduku. Mama yake akaja na shuka jeupe jipya mkononi, akamwuliza, "Baba yako ni lipi?"

Akanyoosha kidole. La tatu.

"Ulikuwa hujui?"

"Sikujua. Mama alikuwa anatetemeka. Ningemwambia nini?"

Likazikwa kwenye makaburi mapya, kwa jina la baba. Kwa hiyo kila mwaka tunakwenda pale, tunang'oa magugu, Mwenyekiti anasimama mbele ya kaburi anamsomea baba yake taarifa ya mwaka mzima, na aliyemo ndani pengine ni shangazi! Nikacheka. Nikaona ninacheka peke yangu.

"Siwezi kulala pale kando," akasema. "Na sitaki siku moja mtu aulizwe mimi ni lipi."

Nisimwambie Mama. Nimeapa.

Jumanne, 11 Machi

Karatasi ya wosia wake wa kuchomwa imesainiwa. Shahidi wa kwanza daktari, wa pili jirani yetu fundi wa friji, ambaye aliisoma yote mara mbili kama dhamana ya kompresa. Saini ya mume wangu imekwenda mrama. Mtu aliyenyoosha mipaka ya mji mzima, leo mstari wa vidole vitatu umemshinda.

Nikaenda msalani, nikafungua bomba, nikalia humo.

Jumatano, 19 Machi

Saa nne asubuhi. Nilikuwa namnyoa ndevu. Upande mmoja ulikuwa bado.

Nikamalizia.

Alhamisi, 20 Machi

Kikao. Bila shaka. Mwenyekiti na faili lake, ajenda tatu: kufungua, kaburi, mengineyo. Mimi nilikuwa kwenye mengineyo.

Nikatoa karatasi. Akaisoma, akaigeuza nyuma, akaiinua kwenye mwanga kama anatafuta noti bandia. "Hizi ni dawa zinaongea. Ndugu yangu hawezi kuchomwa kama takataka." Akamwomba mchungaji aseme neno, maana ndiyo kazi aliyomwitia. Mchungaji, maskini, akasema Mungu aliyemuumba mtu kwa mavumbi hatashindwa na majivu. Mwenyekiti akaahirisha kikao kwa dakika kumi, watu wanywe chai.

Tuliporudi alikuwa amenoa ulimi. "Shemeji, tunakuheshimu. Lakini wewe ni mke tu. Hata mtoto hukumwachia. Sisi ni damu. Atalala kando ya baba."

Hapo! Maneno mawili tu: baba gani? Nilikuwa nayo mdomoni, yamesahihishwa, na alama ya kuuliza juu. Ningemwangusha Mwenyekiti na faili lake kwa pigo moja. Lakini Mama mkwe alikuwa kwenye kiti cha dirishani, miaka themanini na moja, mikono juu ya mkongojo. Nikamtazama. Nikayameza. Yakashuka kama mwiba wa samaki.

Mama akainuka. "Mwanangu, njoo tukaoshe vikombe."

Vikombe vilikuwa bado vina chai.

Jikoni akafungua bomba lote. "Amekuambia," akasema. Hakuwa anauliza.

Nikajitia sielewi. Sijawahi kuwa mwigizaji.

"Mume wangu alivunjika paja ujanani. Waliweka chuma, na skrubu nne. Lile sanduku nililifungua mimi mwenyewe, nimvike shuka. Chuma hamna."

"Mama! Na ukanyamaza?"

"Mtoto wangu amesimama pale, kalowa chapa, kama mtu aliyeiba. Ningemwambia nini?"

Maneno yale yale. Miaka ishirini na miwili, mama na mwana, kila mmoja anamfichia mwenzake siri ileile! Hodari kweli hawa watu. Wangeajiriwa na serikali.

Na bado hakuwa amemaliza. Watu walipokwenda kula, alifungua masanduku mengine moja moja. Alikuwa kwenye la tano, na chuma chake. Akamvika kanga yake mwenyewe, akafunga, akakaa kimya. "Kila mwaka mnadhani miguu inaniuma," akasema, "nikienda kuketi kule safu ya nyuma."

Akafunga bomba. Akarudi sebuleni, hakuketi. "Karatasi ya mwanangu ifuatwe. Kikao kimefungwa."

Kwa mara ya kwanza katika historia ya ukoo, kikao kikafungwa na mtu mwingine. Mwenyekiti alibaki na kalamu hewani.

Jumatatu, 24 Machi

Kwanza tangazo la gazeti. Niliandika "atachomwa". Mhariri akabadili "atapumzishwa". Kwenye prufu ya mwisho nikarudisha "atachomwa". Asubuhi lilikuwa pale, wino mweusi, katikati ya "atazikwa" kumi na mmoja. Mhariri hajaniuliza. Sidhani kama anasoma ukurasa wangu.

Tanurini tulikuwa saba. Msimamizi leo hana ndizi. Amefunga vifungo mpaka kooni. Kifaa cha moyo hospitali walishakitoa. Akatuonyesha kibati: 4417. Mwenyekiti akatoa daftari, akanakili namba, akamwomba arudie ili ahakikishe. Akarudia. Mama naye akaomba akishike, akakipapasa kwa kidole gumba, tarakimu moja moja, akakirudisha.

"Nani atabonyeza?"

Watu wote wakagundua kwamba wana viatu. Wakavitazama.

Basi mimi. Kitufe cha kijani, kama cha lifti. Nilidhani hapo nitawaza jambo kubwa, jambo la kuandika humu. Niliwaza kwamba shavu la kushoto sikulinyoa vizuri.

Sauti kama ya feni kubwa. Hakuna moshi, hakuna mwale. Mama akanivuta mkono: "Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu, Mama."

"Kimya kuliko nilivyodhani," akasema, akaketi.

Mwenyekiti alitoka nje haraka. Simu, akasema. Simu yake ilikuwa kwenye benchi, kando yangu.

Jumatano, 26 Machi

Nimemchukua. Kopo la kijivu, kifuniko cha kuzungusha, namba ubavuni. Zito! Kwenye teksi nimelipakata na kulifungia mkanda.

"Rangi ya nyumba hiyo, mama?" dereva akauliza.

"Mume."

Njia nzima hakuvuka gia ya pili.

Nimemweka juu ya kabati la vitabu. Nikamtoa, jua linapiga. Nikamweka kwenye meza yake ya ramani. Nikamwambia asiniangalie hivyo.

Jumamosi, 29 Machi

Saa tisa alasiri, hodi. Mwenyekiti. Hakupiga simu kabla. Hana faili! Ana begi la safari kwapani, limekunjwa, tupu. Akaliweka chini nyuma ya miguu yake, kama mimi ni kipofu.

Chai? Ndiyo. Sukari? Ndiyo. Mwenyekiti hanywi sukari, daktari alimkataza mbele yetu sote. Nikamtilia vijiko viwili. Akanywa.

Nikamsubiri aanze. Nilishaandaa majibu, makali, nimeyanoa tangu Alhamisi ile ya kikao. Hana karatasi, mimi ninayo. Hana hoja, mimi ninazo.

"Shemeji," akasema. "Naweza kumshika?"

Majibu yangu yote hayakuwa na swali hilo.

Nikampa. Akampokea kwa mikono miwili, akashtushwa na uzito kama nilivyoshtuka mimi. Akamsogeza mpaka kwenye kiwiko, akakaa vizuri kwanza. "Siku anazaliwa walinipa nimbebe hivi hivi. Nilikuwa na miaka saba. Alikuwa mzito zaidi kidogo. Kidogo tu."

Nikamwambia naenda kuongeza maji.

Niko jikoni. Naandikia hapa, juu ya boksi la unga. Imepita karibu saa nzima. Mlango nimeuacha nafasi ya kidole, na namsikia. Anaongea naye. Hakufungua kikao! Anamwambia paa la nyumbani linavuja upande wa mashariki. Anamwambia goti. Anamwambia kigingi chake bado kiko pale makaburini, kila siku anakwenda kukitoa na kila siku anarudi hajakitoa. Halafu akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Kwa nini hukuniambia mimi?"

Hajui anauliza nini. Mimi najua. Na Mama anajua. Anayeulizwa ndiye aliyekuwa na jibu, na yuko kwenye kopo.

Ningeweza kutoka nikamwambia. Nimeapa kutomwambia Mama. Kuhusu Mwenyekiti sikuapa lolote. Wiki iliyopita ningetoka mbio.

Maji yamechemka, nimeyazima, nimeyawasha tena.

Zipu. Nimesikia zipu ya lile begi. Polepole, jino kwa jino, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtu.

Sijui inafunguliwa au inafungwa. Nimejiambia nitahesabu mpaka kumi, kisha nitoke.

Nimefika kumi. Naanza upya.