Usishukuru Kabla ya Jibu

Ijumaa, Desemba. Buffalo.

Theluji imeanza asubuhi na mpaka sasa haijatulia. Ni ile ya ziwani, inayokuja kwa ubavu kama mtu anakurushia unga usoni. Jioni hii chuo kinatoa majibu ya sisi tulioomba mapema, na tangu niamke sijaweka kitu tumboni zaidi ya chai.

Kwa atakayepita kwenye blogu hii kwa mara ya kwanza, maana haya nitayatoa jibu likishakuja: kuomba mapema maana yake umechagua chuo kimoja tu na umekiahidi kwamba mkinikubali nakuja, sitazami pembeni. Mimi nilichagua chuo cha Louisville. Wakinikubali, karibu kila kitu watanilipia. Wakinikataa itabidi nianze upya kuomba kwingine, na hilo ningelivumilia. Ninachokiogopa ni kingine kabisa, na leo nitakisema kwa sababu nimechoka kukizunguka.

Naogopa koti lililotundikwa mlangoni.

Ni koti la kaka yangu Espoir. La bluu, zito, kifungo cha juu hakipo. Tulipotoka kambi ya wakimbizi Tanzania tulishushwa Louisville, Mama, Espoir na mimi, na kwa kuwa baba alifia Kongo, Espoir ndiye aliyekuwa mwanaume wa nyumba. Usiku alipakia mizigo kwenye ghala, mchana alisoma. Aliomba chuo hikihiki, tena mapema, kama mimi. Siku moja ya barafu aliondoka na koti la kazini, lile lenye mistari inayong'aa, kwa sababu hili alikuwa amemwachia Mama amshonee kifungo. Gari liliteleza barabarani. Hakurudi.

Majibu ya chuo yalitoka wiki ileile tuliyomzika. Yako huko kwenye akaunti yake mpaka leo, na neno la siri alilijua yeye peke yake. Kwa hiyo hatujui. Hakuna mtu wa kwetu anayejua kama Espoir alikubaliwa.

Sasa mimi niko kwenye kiti kilekile, nasubiri watu walewale. Na mwakani nitakuwa mkubwa kuliko yeye. Kaka yangu atakuwa mdogo wangu.

Lakini bado sijafika penyewe.

Makanisani kwetu, sisi Wakongo, kuna desturi ya kushukuru kwa imani. Unaomba kitu, na kabla hujakipata unasimama mbele ya watu wote unashukuru kana kwamba tayari unacho. Wamama wanapiga vigelegele, kinanda kinakolea, watu wanacheza mpaka viatu vinavuliwa. Mama alifanya hivyo kwa ajili ya Espoir. Alivaa kitenge kipya, akashika kipaza sauti, akasema asante Mungu kwa mwanangu aliyeingia chuo. Jumapili iliyofuata tulikuwa kilioni. Watu walewale, vitenge vilevile.

Mama hakulia. Alikaa juu ya godoro macho makavu, wamama wakimlilia pembeni. Nilikuwa nimelala mapajani mwake, ndiyo maana nilimsikia akisema kwa sauti ndogo kwamba amemharakisha Mungu.

Tulihamia Columbus kwa mdogo wake, tantine Solange, kwenye nyumba za kupanga karibu na Morse Road. Pale kila mtu alimtaja Espoir kwa kunong'ona na kunyamaza Mama akiingia. Mama alichoka kunyamaziwa. Akapata kazi ya kutunza wazee huku Buffalo, tukaja. Kila tulikohama, kitu cha kwanza kutoka kwenye gari kilikuwa koti, hata kabla ya sufuria. Mama anapigilia msumari wake karibu na mlango, analitundika, halafu ndipo tunaanza kubeba magodoro. Anasema watu wajue nyumba ina mwanaume. Espoir hajawahi kuiona Buffalo, lakini amehamia nasi.

Nyumba yetu ya West Side ni ya mbao, ya zamani, sakafu inalia hata ukiwa umekaa. Hewa ya moto ikiwashwa, koti linatikisika. Najua ni hewa. Najua kabisa. Ila nikirudi kutoka shule na Mama hayupo, nalisalimia.

Tangu tuondoke, Mama hajawahi kutamka jina la Louisville. Anasema "kule". Nilipomwonyesha chuo ninachotaka kuomba alikitazama kwenye skrini muda mrefu. Hakuniuliza kwa nini huko. Ningeulizwa ningesema ni kwa sababu ya msaada wa karo, na ingekuwa kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba Espoir yuko kule peke yake na hakuna anayemfagilia kaburi.

"Bon. Omba," alisema mwishoni, kwa Kiswahili chake cha Kongo chenye Kifaransa ndani. "Lakini mutu asijue. Hata mumoja."

Na kweli hakuna aliyejua. Wamama wa kanisa wakiuliza, Mama anawajibu kwamba Furaha, yaani mimi, angali anawaza. Ndani ya nyumba hairuhusiwi hata kusema "nikienda". Tunasema "kama". Aliyejua ni tantine Solange peke yake, kwa sababu ndiye aliyetusaidia kwa simu kujaza makaratasi ya kodi ya Mama ambayo chuo kiliyataka.

Tantine Solange nampenda, lakini mdomo wake hauna kifuniko.

Asubuhi ya leo Mama alikuwa anafunga kamba za buti aende kazini Riverside kwa bibi anayemtunza, simu yake ikalia. Video kwenye kikundi cha familia. Kanisa la Columbus, kinanda, wamama wanazunguka na vitambaa juu, na katikati yao tantine na kipaza sauti: "Mutoto wetu Furaha ameingia chuo kule Louisville! Aleluya!" Mama alibaki ameshika kamba moja mkononi. Video ikaisha, ikaanza tena yenyewe, wala hakuizima. Niliizima mimi.

Akampigia.

"Solange, nani alikutuma?"

"Yaya, dada yangu, ni imani tu. Mungu anapenda wenye kushukuru mbele."

"Mbele? Mimi nilishukuru mbele. Ulikuwa pale, ulicheza na mimi. Donc, yaani ulishasahau?"

Tantine akaanza kulia, akisema yaya nisamehe. Mama akamwambia barafu ni nyingi barabarani, atachelewa kazi. Kisha akanigeukia na kunishika kidevu, kitu ambacho hajakifanya tangu nikiwa mdogo. "Leo usipande gari ya mutu," aliniambia. "Bus tu."

Hapo ndipo nilipoogopa sana. Siogopi kukataliwa. Naogopa kwamba Mama sasa ananitazama kwa macho yaleyale makavu ya pale kwenye godoro la kilio.

Shuleni sikusikia kitu. Simu ilitetemeka mfukoni kutwa nzima: hongera, hongera dada, Mungu ni mwema. Sikumjibu yeyote.

Kwenye basi la kurudi alipanda kijana, akakaa kiti cha mbele yangu. Shingo yake, kwa nyuma, ilikuwa ya Espoir. Masikio pia. Nilishuka kabla ya kituo changu nikamalizia kwa miguu kwenye theluji, nikijicheka mwenyewe, na machozi yananitoka.

Sasa nimekaa jikoni. Koti liko pale. Mama hajafika. Nikimaliza mstari huu nitakwenda kusimama dirishani.

*

Amefika. Imekwisha. Naandika haraka kabla sijasahau ilivyokuwa.

Mama aliingia na theluji mabegani, akaketi mezani bila kuvua buti, maji yakachuruzika sakafuni. Hakusali. Nilitegemea atasali. Alisema tu, "Fungua."

Nilikosea neno la siri, langu mwenyewe. Nikarudia. Ukurasa ukafunguka, na kabla sijasoma neno lolote vipande vya karatasi za rangi vilianza kumwagika kwenye skrini, vya kuchorwa, kama kwenye harusi.

"Iko nini?" Mama aliuliza.

"Wamenikubali, Mama."

Nilingoja vigelegele. Mama alikuwa anatazama zile rangi zinavyoshuka. Akazitazama mpaka zikaisha. Halafu akauliza, na sauti ilikuwa ya mtoto:

"Donc na yeye, bangemukubali?"

Sijui. Hakuna anayejua, nimekwisha kusema. Lakini Espoir ndiye aliyenifundisha hesabu kwenye sanduku la mchele tulilolifanya meza, na ndiye aliyenisahihishia kila insha nikiwa na meno ya utoto. Kama mimi wamenitaka, yeye wangemkataaje?

"Ndiyo, Mama. Wangemkubali."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Nilijua," alisema. Ndipo akalia. Kilio chenyewe, cha kwetu, cha kumwita marehemu kwa jina lake na kumuuliza anakwenda wapi. Jirani wa chini akapanda kugonga mlango akidhani kuna aliyeumia, nikamwambia tumepata habari njema, akanishangaa. Nilimshikilia Mama, nami nikalia, na sikuogopa kitu.

Simu ikaita. Tantine Solange. Mama akajifuta kwa kilemba, akapokea.

"Solange," alisema. "Sasa shukuru."

Huko Columbus vigelegele vilipigwa mpaka simu ikakoroma.

Nje theluji ingali inashuka. Ukuta karibu na mlango una msumari mtupu, na jicho langu kila mara linarudi pale. Koti liko mapajani mwa Mama. Ametoa sindano na uzi, amekata kifungo kutoka kwenye koti lake mwenyewe kwa kuwa cha Espoir hatunacho, na anakishona mahali pake, mshono juu ya mshono. Nimemuuliza anamshonea nani.

"Wewe," amesema bila kuinua macho. "Louisville kuko baridi. Ukifika, anzia kwake. Akuone umelivaa."